Raba Niliyosema Ni Yenyewe

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kila asubuhi nikifunga kamba za viatu, na mpaka jana sikuwahi kuikumbuka kwa sauti. Leo nitakuambia wewe. Kaa hapo kwenye benchi, weka simu mfukoni, na usinikatize mpaka nimalize. Nikikatizwa nitatafuta pa kukwepea, najijua.

Juzi ulikuja hapa gereji na ile pikapu yako ya zamani, breki ya mbele inavuja, ukanionyesha kwenye simu picha ya raba za breki. Ukasema, "Mjomba, muuzaji wa Dar anasema hii siyo yenyewe, lakini inafanana sana. Wengi wanaifunga." Nilichukua spana, nikavua magurudumu yote manne, nikaliacha gari lako juu ya mawe, na magurudumu nikayafungia chumbani kwangu. Ulikasirika. Ulisema mbele za watu kwamba mjomba wako amezeeka vibaya, na watu wakacheka. Hapa Lushoto wameshazoea kunicheka. Wananiita Mzee Sampuli, kwa sababu sifungi kifaa kipya mpaka nikilaze kando ya kile cha zamani, nivipime, nivitomase, nivipime tena. Waache wacheke. Mwenye haki ya kunikasirikia ni wewe tu, na si kwa sababu ya magurudumu.

Desturi ile ya kuvua magurudumu sikuibuni mimi. Ni ya Mzee Hoza.

Najua jina hilo linavyokuchoma. Umekua ukiambiwa kwamba Mzee Hoza ndiye fundi aliyemuua baba yako kwa breki mbovu. Huku kwetu mtoto akipita bila kutoa shikamoo anaitwa, hata kama ameshafika ng'ambo ya bonde, arudi aitoe. Wewe ulipewa ruhusa ya kumpita mzee mmoja tu bila kumwamkia. Nakumbuka ulipofundishwa. Ulikuwa na miaka minne, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale kwa mama yako nakunywa chai. Nilimeza chai yangu.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, najifunza ufundi kwa Mzee Hoza, hapa mjini, kwenye kibanda cha mabati ambacho sasa hakipo. Mzee alikuwa mtu wa maneno machache, macho yameshaanza kuingia ukungu, kazi nyingi anafanya kwa vidole. Ukimpa skrubu aliigusa tu akakwambia imeliwa nyuzi ngapi. Na alikuwa na sheria moja ambayo hata mkuu wa wilaya asingeilegeza. Gari lenye breki mbovu likiingia kwake, magurudumu yanatoka, yanaingia chini ya kitanda chake, na mwenye gari hayaoni tena mpaka breki ipone. Alisema mwenye gari ni mtu mwenye shida, na mtu mwenye shida asiachiwe gari linaloweza kutembea. Watu walimnung'unikia, wengine walimtukana kwa Kishambaa akiwa anasikia, lakini wote walirudi kwake.

Baba yako, shemeji yangu Elia, alikuwa na pikapu iliyokuwa imezeeka kuliko hiyo yako. Alilima kabichi na karoti kule Lukozi, na pikapu ile ndiyo ilikuwa ikibeba mboga zake na za majirani zake mpaka Mombo. Siku moja ililetwa kwa Mzee Hoza, pedeli ya breki inazama. Mzee akafungua gurudumu la mbele, akaingiza kidole, akatoa raba iliyoliwa upande mmoja. Raba yenyewe ni kidude kidogo, unaweza kukificha kwenye ngumi, lakini ndicho kinachozuia mafuta ya breki yasikimbie unapokanyaga. Na magari yale ya zamani hayakuwa na njia mbili za mafuta. Gurudumu moja likivuja, yote manne hayana breki.

Magurudumu yakaingia chini ya kitanda. Raba ikatafutwa hapa mjini, ikatafutwa Mombo, ikatafutwa Korogwe, haikupatikana. Gari lilikuwa limeacha kutengenezwa zamani, na waliokuwa nalo walikuwa wanazikwa nalo. Wiki mbili zikapita. Kabichi za Lukozi zikaanza kupasuka shambani, malori yaliyoahidi hayakuja, na kila siku Elia alifika kuliangalia gari lake juu ya mawe. Hakugombana na mtu. Alikuwa mpole baba yako, na mtani. Alikuwa akiliuliza gari, "Umeamkaje mgonjwa?" halafu ananikonyeza mimi. Mama yako alikuwa amejifungua karibuni. Wewe ulikuwa na miezi mitatu.

Ndipo Mzee Hoza akanituma Tanga. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutumwa peke yangu, na nilitembea mji mzima nikiwaaga watu kama naenda Ulaya. Mzee aliifunga raba ya zamani kwenye kitambaa, akanikabidhi kwa mikono miwili. Akasema, "Hiyo ndiyo sampuli. Muuzaji asipoiona, hujamuuliza kitu. Tafuta yenyewe. Usipoipata, rudi hivyo hivyo. Kurudi mikono mitupu siyo kosa, umenisikia?"

Nikasema nimesikia. Masikio yalisikia, mwanangu. Kichwani nilikuwa najiona nimesharudi, nashuka kwenye basi na kifaa mkononi, na Elia ananibeba juu juu.

Tanga nilizunguka siku mbili. Niliingia kila duka la spea nililoonyeshwa na mengine ambayo sikuonyeshwa. Joto la kule lilinila, miguu ikavimba, kila mahali nafungua kitambaa, kila mahali wanatikisa kichwa. Siku ya pili mchana nikampata mzee mmoja mwenye duka dogo, aliyeichukua sampuli akaipima kwa chuma cha kupimia, akaingia ndani akakaa muda mrefu. Alirudi na raba mbili. Akaniambia ile yangu haipo tena, labda iagizwe. Hizi ni za gari jingine, ndogo kidogo, zinafanana. Halafu akaniuliza natoka wapi.

Nikamwambia natoka Lushoto.

Akazichukua raba zake akazirudisha kwenye kopo. "Basi sikuuzii," akasema. "Huku tambarare mtu anaweza kubahatisha. Huko kwenu kuna mteremko mrefu. Nenda salama kijana."

Nilitoka pale na hasira. Nilijiona nimedharauliwa. Mtaa wa pili nikakuta mtu amepanga spea chini juu ya turubai, na kati ya spea zake zilikuwemo raba zile zile ndogo kidogo. Naye akaniuliza natoka wapi, mtu wa spea lazima akuulize. Nikamjibu bila kupepesa macho, "Pangani," kule pwani kusiko na mlima. Nikachukua raba nikaondoka.

Mimi mtoto wa milimani, niliyezaliwa kwenye mteremko, nilikana mteremko ili niuziwe raba. Nimelifikiria neno lile "Pangani" miaka yote hii. Lilitoka mdomoni kwa wepesi wa ajabu.

Kwenye basi la kurudi, nimekaa dirishani, nilifungua kitambaa nikaziweka raba kiganjani, ya zamani na mpya. Tofauti ilionekana. Si kubwa, ila mwenye macho angeiona, na mwenye vidole vya Mzee Hoza angeijua kabla hajazikamata vizuri. Nikajua akiziweka pamoja nimekwisha. Tulipokaribia Korogwe nikaitupa ya zamani nje ya dirisha. Sikuona hata ilipoangukia. Nikakunja kitambaa nikakitia mfukoni, nikalala usingizi mzuri mpaka Mombo.

Nilipofika, Mzee Hoza aliipokea raba mpya akaisugua kati ya vidole muda mrefu. Akauliza, "Sampuli iko wapi?"

"Muuzaji amebaki nayo mzee, amesema atawaonyesha wanaomletea mzigo."

Akaisugua tena. Elia alikuwa amesimama mlangoni, anatabasamu, kofia mkononi.

"Ni yenyewe?" Mzee akauliza.

"Ni yenyewe mzee."

"Umeiweka sambamba na ile ukaona kwa macho yako?"

"Nimeona kwa macho yangu."

Akainuka akaenda chumbani, akatoa magurudumu moja moja, anayabingirisha kwa mkono. Mzee yule alikuwa amekataa maneno ya watu wazima wenye vyeo vyao, akalikubali neno langu mimi. Nilifunga raba mwenyewe, nikajaza mafuta, tukatoa hewa kwenye breki, pedeli ikawa ngumu vizuri. Mzee akasema twende tukalijaribu. Tukapanda mimi na Elia mpaka Irente, pikapu inavuta kwa furaha, na kila tulipopita watu walipiga makofi kwamba mgonjwa kapona. Huku milimani ndivyo tulivyopima magari siku zote. Gari likipanda, watu wanasema limepona. Tulirudi taratibu kwa gia ya kwanza, tunacheka, breki hatukuigusa hata mara tano. Mzee alipouliza breki zikoje nikamwambia limepanda kama jipya, naye akadhani nimejibu swali lake.

Kesho yake jua likiwa limeshatoka tulipakia kabichi mpaka pikapu ikakaa chini. Mama yako alitaka kwenda Mombo nasi. Ulikuwa unakohoa, Elia akamwambia abaki na mtoto. Nikapanda mimi mbele, pembeni yake, shemeji fundi, kila mtu aone.

Mpaka Soni hakukuwa na neno. Elia aliendesha huku akiwaamkia watu wa barabarani, "Onga makeo! Onga makeo!" hata wale asiowajua. Baada ya Soni, pale mlima unapoanza kushuka kweli kweli na barabara imekatwa ubavuni mwa mwamba, alikanyaga breki kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kona ya nne niliona mguu wake unarudi na kukanyaga tena. Halafu tena. Akavuta hendibreki, ikaitikia kidogo ikaacha. Akajaribu kurudisha gia, gia ikakataa. Kabichi zilikuwa zinatusukuma.

Akanigeukia. "Shemeji," akasema, "si ulisema ni yenyewe?"

Hakuuliza kwa hasira, mwanangu. Ningekuwa na nafuu kama angeuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, ili ajue afanye nini baadaye. Mimi sikumjibu, na nadhani alisoma usoni kwangu, maana aliangalia mbele tena akasema, "Ruka. Ruka sasa hivi."

Nikaruka. Mguu huu ninaouburuta, ambao wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiuigiza nyuma yangu watu wakavunjika mbavu, ulivunjika pale. Nikiwa chini niliona mbele yake akina mama wanapanda na mizigo kichwani, mstari mzima, hawana pa kukimbilia, upande mmoja mwamba na upande mmoja bonde. Baba yako alikata usukani kuelekea kwenye mwamba. Alikufa pale pale. Hakumgusa mtu hata mmoja. Hilo ulijue, nani mwingine angekuambia?

Nilizinduka hospitali mguu umeshafungwa. Wakati huo polisi walikuwa wameshauliza, na Mzee Hoza alikuwa ameshajibu. Aliwaambia, "Gari limetoka kwangu. Magurudumu niliyarudisha mimi." Basi. Hakutaja jina langu. Lakini kabla ya kwenda polisi alikuwa ameshuka mwenyewe mpaka kwenye ile kona, akaomba gurudumu lifunguliwe, akaingiza kidole.

Alikuja kitandani kwangu mchana. Hakunipa pole. Aliushika mkono wangu, akaweka raba kiganjani, akavifunga vidole vyangu juu yake.

"Hii siyo yenyewe," akasema. "Na ulijua."

Nikalia. Akaniacha nilie mpaka nikachoka.

"La kwangu nimeshalisema," akasema. "Nilikuamini bila sampuli, na mimi ndiye niliyeweka sheria. La kwako sitalisema mimi. Utalisema mwenyewe siku utakayoweza. Usichelewe sana, maana kuna mtoto."

Mtoto ni wewe.

Nikachelewa. Kwanza nilisema acha mguu upone. Halafu nikasema acha dada amalize msiba. Halafu acha mtoto akue. Ukoo wetu ukakata mguu kwa Mzee Hoza, na watu wengine wakafuata, gereji ikafa. Akarudi kwao Soni kulima maharage. Mimi nikabaki hapa, nikawa fundi, na nilisifiwa, mwanangu, nilisifiwa kwa umakini wangu! Kila nilipokutana naye nilimpa shikamoo kwa haraka nikiangalia pembeni, akaitikia, halafu akasubiri. Hakuniuliza kitu. Alisubiri kidogo tu, kama unavyomsubiri mtu aliyetaka kusema neno, akiona hamna anaendelea na safari yake. Miaka tisa alinisubiri hivyo. Kisha akafa. Nilisimama nyuma kabisa kwenye mazishi, na nyumbani kwenu hakuna aliyekwenda.

Nilidhani yameishia pale. Ndipo ukaja juzi ukaniambia "inafanana".

Jana nilikwenda kwa mama yako nikamweleza yote, tangu Pangani mpaka dirisha la basi. Hakulia wala hakupiga kelele. Alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akachukua kikombe changu cha chai nilichokuwa sijamaliza, akamwaga, akakiosha, akakirudisha kabatini, akafunga kabati. Nikaelewa, nikaondoka. Na wewe ukiamua lolote juu yangu nitaelewa.

Sasa nasaha zangu ni hizi, na sina nyingine. Gari la zamani si kosa kuwa nalo, wengi wetu hatuna jingine. Lakini kifaa chake kikikosekana, kimekosekana. Liache juu ya mawe, mboga zioze, watu wakucheke, shemeji akununie. Ukitumwa kutafuta kitu usikipate, rudi mikono mitupu, usimame mbele ya aliyekutuma umwambie sikupata. Ni aibu ya siku moja, na mimi kwa kuikwepa nimepata ya maisha. Sampuli usiitupe kamwe, hata kama inakuumbua, hasa kama inakuumbua. Muuzaji akikuuliza unatoka wapi, taja mlima wako. Ukiulizwa kama kazi imekamilika, usijibu kwamba gari limepanda, jibu litashukaje. Na kama umeshakosea, kosa liseme likiwa bado na watu wa kulisikia. Mimi nimelibeba langu mpaka mtu niliyepaswa kumwomba msamaha ameingia kaburini, na baba yako alinidai jibu moja dogo ambalo mpaka leo sijampa.

Gari lako lisikusumbue. Nimempigia kijana mmoja wa spea kule Dar, sampuli ya raba yako nimemtumia yenyewe kwa basi, si picha. Ikipatikana itafungwa. Isipopatikana, magurudumu yatabaki chini ya kitanda changu mpaka nife, na nikifa waambie wanizike kwanza ndipo wayatafute.

Lakini mke wa Mzee Hoza bado yuko Soni, ni mzee sana, anakaa mlangoni asubuhi akiota jua. Nenda kwake. Usimweleze kitu, kueleza ni kazi yangu na Jumapili baada ya ibada nitakwenda kuifanya, hata kama atanifukuza. Wewe mpe shikamoo tu, ile ambayo mumewe alinyimwa na nyumba yetu tangu ukiwa mgongoni. Mpe kwa sauti, majirani wasikie.

Mimi ni mjomba wako, na baraka ya mjomba huku kwetu haikataliwi hata ikitoka kwenye mkono mchafu, kwa hiyo pokea. Mungu aliyemwelekeza baba yako kwenye mwamba badala ya kwa watu, akupe moyo wa baba yako na ulimi ambao mimi sikuwa nao. Ushuke kila mlima wa maisha yako ukafike chini mzima, na wanao wakupokee. Na kuanzia kesho ukinikuta njiani ukapita bila kuniamkia, sitakuita urudi.